Ukishtakiwa kortini juu ya bili ya hospitali ya mtu wenu, jibu hivi

Kama umeletewa samansi na mkono bado unatetemeka, kabla ata hujaangalia wanataka pesa ngapi, chukua kalamu uandike juu ya hiyo karatasi tarehe na saa umeipokea na nani amekuletea. Siku za kujibu zinaanza kuhesabiwa hapo, si siku ile utapata nguvu ya kuisoma.

Mimi yangu ilinipata dukani, nauza speya Kirinyaga Road, ilikuwa Alhamisi saa tano asubuhi, kijana mmoja mpole na bahasha ya kaki akaniuliza jina langu kamili vile liko kwa kitambulisho, nikadhani ni kasitoma anataka risiti. Kumbe ni bili ya shangazi yangu. Shangazi alikuwa amezikwa miezi kumi na nne. Alilazwa siku 19 kwa hospitali ya kibinafsi hapa Nairobi, sitaitaja, akafia huko, na sasa hospitali inataka 684,300 kutoka kwangu na kwa binamu yangu, mtoto wake wa kwanza. Nilifunga duka nikaenda kukaa kwa gari. Nilikuwa nalia, si juu ya pesa, ni juu ya kuona jina la shangazi limeandikwa "marehemu" kwa karatasi ya korti kama kitu cha kudaiwa.

Naandika haya yote sababu tangu hiyo kesi iishe nimepigiwa simu na watu kama sita, rafiki wa rafiki, na karibu wote wanasema kitu kimoja, ati "ni mama yangu, lazima nilipe". Hapana. Kuwa mtoto wa mtu au mpwa wake hakukufanyi mwenye deni lake. Kile kinakufunga ni kile ulisaini, na kitu ingine inaweza kukufunga ni kunyamaza mpaka hukumu itoke bila wewe. Hayo mawili yashike, mengine yote yanafuata hapo.

KWANZA JUA UMESHIKA NINI

Kuna barua ya madai, hiyo inatoka kwa wakili au kwa hawa watu wa kukusanya madeni, inasema ukikosa kulipa ndani ya siku kadhaa watakupeleka kortini. Hiyo bado si kesi. Alafu kuna samansi yenyewe, iko na jina la korti, muhuri na nambari ya kesi. Kama wanadai isiyozidi milioni moja, mara nyingi Nairobi wanaenda Korti ya Madai Madogo ya Milimani, na nambari inaanza na herufi kama SCCCOMM alafu E na tarakimu na mwaka. Ikizidi milioni inaenda korti ya hakimu ya kawaida, na hapo mambo ni marefu kidogo.

Hakikisha kesi iko kweli, sababu kuna mawakala wanatengeneza barua zinafanana na za korti ili uogope utume kitu kwa M-Pesa hiyo jioni. Enda rejista ya Milimani na hiyo nambari ama uitafute kwa mfumo wa mahakama wa kufaili mtandaoni, efiling.court.go.ke. Na usidharau ikikuja kwa WhatsApp, tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi kutumwa kwa imeili na kwa WhatsApp, kwa hivyo ile ya kusema "mimi sikupewa kitu mkononi" na tiki mbili za bluu ziko hapo haitakusaidia.

Muda: kwa Madai Madogo unapewa siku 15 za kujibu tangu upate karatasi. Soma yako vile imeandikwa ufuate hiyo. Sheria yenyewe ya 2016 inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifailiwe, so hapa hakuna ile ya kusema kesi za Kenya huchukua miaka nitajipanga pole pole. Ukichelewa wiki mbili umechelewa.

Wakati unangoja, simu zitaendelea kuingia. Wakala atakupigia, anaongea vizuri leo, kesho anakutisha. Usiseme "nitalipa", usiandike "nipe mwisho wa mwezi bana", usitume elfu mbili ya kuonyesha nia njema. Screenshot ya hayo maneno itaonekana kortini kama umekubali deni. Andika tu: nimepokea, nitajibu kwa maandishi, tafadhali nitumie bili yenye kila kitu kimoja kimoja na nakala ya fomu mnayosema nilisaini. Akianza kupigia bosi wako au majirani na kuwaambia mgonjwa wenu alikuwa anaugua nini, weka ushahidi, habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na unaweza kulalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na wakala hana uwezo wa kuingia kwako nyumbani kuchukua kitu chochote, hana kabisa.

ULISAINI NINI ILE USIKU

Hapa ndio nataka ukae sana.

Ile fomu nilisaini ilikuwa karatasi moja pande mbili. Mbele wanauliza jina la mgonjwa, umri, dini, chakula hali, nambari ya NHIF. Nyuma maandishi madogo madogo, na karibu na mwisho kuna sentensi inasema aliyetia sahihi anakubali kulipa gharama zote zitakazobaki. Chini kuna mistari miwili, mmoja wa jamaa wa karibu na mwingine wa mdhamini wa malipo. Yule dada wa kaunta alikuwa ameweka alama ya x na penseli pote mahali pa kusaini. Ilikuwa saa nane usiku, shangazi alikuwa kwa kiti cha magurudumu nyuma yangu, nasikia vile anapumua. Nilisaini mistari yote miwili kwa sekunde tano. Mtu yeyote mwenye damu angesaini.

Mstari wa kwanza haungenifunga. Jamaa wa karibu ni mtu wa kupigiwa simu na kuulizwa maamuzi, basi. Huo wa pili ndio ulinifunga. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3, inasema huwezi kushtakiwa juu ya ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine kama hiyo ahadi haijaandikwa na haina sahihi yako, ama ya mtu uliyempa ruhusa akusainie. Kwa hivyo maneno ya mdomo pale kaunta, ati "sisi familia tutapanga", hayatoshi.

Binamu yangu hakusaini mahali popote pa malipo. Alilipa 50,000 kwa paybill siku ya nne, na akasaini fomu ya kuchukua mwili mochari, ni hayo tu. Wakili wa hospitali alijaribu kusema kulipa nusu ni kukubali deni lote. Hakimu aliuliza swali moja, sahihi yake kama mdhamini iko wapi, na haikuwa. Jina lake likatolewa kwa kesi siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kama ulichangia mtu wenu hospitali, usikubali kuambiwa mchango wako ni mkataba.

Kama ulisaini kweli kama mimi, usijifanye hukusaini. Kudanganya korti ni kosa lingine kubwa kuliko hilo deni. Bado uko na mengi ya kusema kuhusu hesabu, nitafika huko. Na kama ulisaini sababu walikataa kutoa mgonjwa au mwili mpaka usaini, eleza hiyo hali vizuri kwa majibu yako, nani alisema nini na saa ngapi. Korti Kuu ilishasema mwaka 2015, kwa kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, kwamba kumfungia mgonjwa sababu hana pesa ni kuvunja haki zake, na huko Mombasa mwaka 1998 Korti Kuu ilisema maiti si mali ya kushikiliwa kama dhamana. Hiyo haifuti bili yenyewe, watu wanachanganya hapo, lakini inasaidia hakimu kuona sahihi yako ilitoka namna gani.

Mume na mke ni habari tofauti kidogo, gharama za kufaidi ndoa zinaweza kuwagusa wote wawili, kwa hivyo kama ni bwana au bibi yako ongea na wakili kabla ya kuandika chochote. Na mtoto wako mdogo ukimpeleka hospitali, wewe mzazi ndio ulikubaliana nao, hapo usitafute njia ya kando.

KAMA MGONJWA AMEFARIKI

Deni la marehemu linalipwa na mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inampa msimamizi wa mirathi kazi ya kulipa madeni kutoka kwa kile marehemu ameacha, na kama ameacha sufuria na kitanda basi hospitali inapata kulingana na hizo sufuria. Haiji kwa mshahara wako.

Msimamizi wa mirathi si mtoto mkubwa wala yule aliongea kwa mazishi. Ni mtu amepewa barua na korti. Kama umeshtakiwa kama "mtoto wa marehemu" na hakuna mtu kwenu ameenda kuchukua hizo barua, sema hivyo wazi kwa majibu, mimi si msimamizi wa mirathi. Hospitali ikitaka inaweza kuanzisha mambo ya mirathi yenyewe, mwenye kudai marehemu anaruhusiwa, yuko tu mwisho wa foleni. Lakini sikia hii pia, kama baada ya mazishi mliuza gari la marehemu ama mkagawana pesa za chama bila kupitia kortini, hapo mmeingilia mali yake na mnaweza kuulizwa mpaka kiwango cha kile mlichukua. Familia nyingi hujikwaa hapo bila kujua.

Alafu angalia miaka. Deni la mkataba lina miaka 6 kushtakiwa, hiyo iko kwa Sura ya 22. Bili ya 2015 ikiletwa kortini 2024 sema imepitwa na muda. Ila ukilipa kidogo ama ukikubali deni kwa maandishi hapo katikati, hesabu ya miaka inaanza upya, ndio maana nimekwambia usitume elfu mbili.

KUANDIKA MAJIBU

Watu wanafikiria lazima uandike kizungu cha wakili. Korti ya Madai Madogo inakubali Kiswahili, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Kuna fomu ya majibu, ukikosa kuipata mtandaoni uliza karani wa rejista, wale wa Milimani wamezoea watu kama sisi na walinisaidia bila kuomba chochote. Unafungua akaunti kwa ule mfumo na kitambulisho chako, unatafuta nambari ya kesi, unapakia majibu na ushahidi kama PDF, unalipa ada kidogo kwa simu. Kama hujui, enda saiba yoyote karibu na korti, lakini usimwachie mtu wa saiba akuandikie maneno, yeye akutaipie tu.

Jibu kila aya ya madai yao. Aya 1 nakubali, aya 4 nakataa sababu hii. Ile hujajibu inaweza kuchukuliwa umekubali. Yangu na ya binamu zilikuwa karibu hivi, unaweza kubadilisha iwe yako:

"Nakubali kwamba marehemu alilazwa hospitali ya mdai. Nakataa kwamba mimi ni mdhamini wa deni lake. Sikutia sahihi hati yoyote ya kudhamini malipo, na mdai aonyeshe hati hiyo kama ipo. Malipo ya shilingi 50,000 niliyofanya yalikuwa mchango wa hiari. Mimi si msimamizi wa mirathi ya marehemu."

Hiyo ndiyo ya binamu. Yangu baada ya kukubali sahihi ilisema:

"Nakataa kiasi cha shilingi 684,300. Mdai hajahesabu shilingi 120,000 zilizolipwa kwa paybill yake, nakala ya stetimenti ya M-Pesa imeambatishwa. Pia ametoza kitanda siku 3 baada ya mgonjwa kufariki. Naomba mdai alete bili yenye vipengele vyote pamoja na chati ya matibabu."

Fupi, bila matusi. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za hasira kuhusu vile nesi mmoja alituongelesha, dada yangu akaniambia toa, na alikuwa sawa, hakimu anaamua pesa, hayo ya nesi yapeleke kwa baraza lake kando.

Ukishafaili, mpe wakili wa hospitali nakala, kwa imeili inatosha, na uweke hiyo imeili kama ushahidi.

PITIA BILI NA RULA

Usikubali ile ya ukurasa mmoja imeandikwa "dawa, wodi, madaktari, jumla". Itisha ile ndefu. Yetu ilikuwa kurasa 23. Nilikaa nayo na rula na kalamu nyekundu mezani, mstari kwa mstari, na hati ya kifo kando. Shangazi aliaga tarehe 9 alfajiri. Kitanda cha HDU, ile wodi ya wagonjwa wa kuangaliwa kwa karibu, kilitozwa 15,500 kwa siku mpaka tarehe 12. Siku tatu, 46,500, za kitanda ambacho mwili wake haukuwa, sababu mochari pia ilikuwa imetozwa siku hizo hizo. Niliangalia huo mstari muda mrefu sana.

Ya harambee ilikuwa rahisi zaidi lakini iliuma zaidi. Kikundi chetu cha WhatsApp kilichanga 120,000, mweka hazina akatuma kwa paybill ya hospitali, lakini kwa nambari ya akaunti aliruka tarakimu moja, kwa hivyo pesa iliingia hospitali ikakaa kwa akaunti ya mgonjwa mwingine. Hospitali ilikuwa nayo miezi kumi na nne na bado inatushtaki juu yake. Kama mlichanga kwa simu, kila mtu aliyetuma apige *334# aitishe stetimenti ya ule mwezi, inakuja kwa imeili, printi ile ukurasa na uweke duara kwa huo mstari. Usitegemee meseji za simu, simu hupotea.

Angalia pia bima ilikuwa imelipa nini. Kama ilikuwa kabla ya Oktoba 2024 ni NHIF, baada ya hapo ni SHA, na hospitali nyingine zinakudai wewe sehemu ambayo zinangoja kutoka bima. Uliza kwa maandishi, bima ilidaiwa kiasi gani, ililipa au ilikataa, na ilikataa kwa nini. Kama waliwasilisha fomu vibaya hiyo si makosa yako. Mengine ya kuangalia haraka: dawa imetozwa mara mbili siku moja, skani ambayo hakuna ripoti yake, ada ya daktari ambaye hamkumwona.

SIKU YENYEWE

Mara nyingi ni kwa simu au kompyuta, wanatuma link ya Microsoft Teams, na orodha ya kesi za siku inawekwa mtandaoni jioni ya kuamkia. Andika jina lako na nambari ya kesi kwa skrini, zima maiki mpaka uitwe, na tafadhali usiwe kwa matatu. Mimi nilienda kwa nyumba ya dada yangu Umoja sababu dukani kuna kelele ya nyundo siku nzima.

Hakimu wa Madai Madogo hashikilii sana zile kanuni ngumu za ushahidi, anauliza, unajibu. Mwite mheshimiwa. Atauliza kwanza kama mnaweza kuelewana, na hapo usikatae kwa hasira wala usikubali kwa uoga. Sema unataka hesabu isahihishwe kwanza alafu muongee. Weka kila karatasi yako hapa sasa hivi, usiseme utaileta kwa rufaa, sababu rufaa kutoka hii korti inaenda Korti Kuu kwa mambo ya sheria peke yake, na rufaa haifungui hesabu upya.

Kwetu ilichukua vikao vitatu. Walipoona stetimenti na hati ya kifo, wakili wao aliomba dakika chache akaongea na hospitali, wakarudi wamekubali kutoa 120,000 na 46,500. Ikabaki 517,800. Hapo mimi ndio nilianza kuongea bei, na tukafika 480,000, kila mtu abebe gharama zake, nilipe 20,000 kwa mwezi miezi 24.

Kuhusu hiyo ya kulipa kidogo kidogo nisikilize vizuri. Makubaliano yaandikwe na yafailiwe kortini, usipeane mkono tu na wakili kwa korido. Taja kiasi unachoweza mwezi mbaya, mimi nilitaka kusema 30,000 nionekane mtu wa maana, bibi yangu akaniuliza Januari utatoa wapi na karo ya shule. Karibu kila makubaliano yana kile kipengele kinasema ukikosa mwezi mmoja deni lote linakuja mara moja na dalali anatumwa. Omba muwekewe siku za neema, sisi tulipata siku 14, na zimeniokoa mara mbili.

KAMA HUKUMU ISHATOKA

Labda unasoma hii na dalali ashakuja. Bado kuna kitu. Ukiwa hukupewa samansi ama ulikuwa na sababu ya kweli ya kukosa, unaweza kuomba korti iondoe hiyo hukumu ili usikilizwe, unafaili ombi na hati ya kiapo na unaambatisha yale majibu ungetoa, na unaomba pia utekelezaji usimame kwanza. Fanya hiyo wiki hiyo hiyo, kila siku inayopita inafanya sababu yako ionekane ya uongo.

Dalali wa kweli ana leseni na ana hati kutoka kortini, itishe uisome. Kwanza anaandika orodha ya vitu vyako na anakupa siku 7 kabla ya kuvichukua. Na kuna vitu Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21, kifungu cha 44, hairuhusu vichukuliwe: nguo zenu, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na vifaa vyako vya kazi. Mshahara wakiushika, theluthi mbili inabaki yako. Kufungwa jela juu ya deni kupo kisheria lakini lazima kwanza uitwe kortini ueleze kwa nini hujalipa, na mtu hana kitu kweli akijitokeza na karatasi zake akaeleza, anasikilizwa. Anayeumia ni yule aliyejificha.

Huna pesa ya wakili? Enda Kituo cha Sheria, ama ofisi ya huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyowekwa na sheria ya 2016, na akina mama wanaweza kwenda FIDA, shirika la mawakili wanawake. Beba samansi, kitambulisho, bili, na kila risiti, wengi wanaenda mikono mitupu wanarudishwa na siku zinaisha. Ukimlipa wakili, tafuta jina lake kwanza kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko.

Mimi nimebakisha miezi mitano. Ukimaliza yako, itisha barua ya hospitali inayosema deni limekwisha, wakili wao aifaili kortini faili ifungwe, uweke nakala mbili. Na kama kulikuwa na hati ya shamba mliacha pale kama dhamana, usitoke hapo bila hiyo hati, ifungue mbele yao uangalie nambari ya shamba kama ndiyo yenyewe kabla hujasaini kitabu chao.